Dawa Ilipigwa kwa Jirani

Shangazi alinipigia simu usiku. Nyanya zake zimepata ugonjwa wa rasta, alisema, na kesho anaanza kung'oa. Kama nataka kuziona, niwahi.

Shamba lake liko tambarare ya Moshi, huko chini ambako mifereji inagawa majaruba ya mpunga. Kipande cha nyanya kiko kwenye mwinuko mdogo ambao maji hayaupandi, ndiyo maana marehemu babu hakuwahi kupanda mpunga pale. Nilimkuta ameshavaa mabuti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku moja kwa moja, za nyumbani utanipa baadaye."

Zilikuwa hazitazamiki. Vikonyo vya majani vilikuwa vimeinama, mashina yamejipinda kwenda chini kisha yakapandisha tena. Majani machanga ya kileleni yalikuwa membamba, yamechongoka, na mishipa yake imejipanga sambamba, jambo ambalo jani la nyanya halifanyi. Maua yalikaukia palepale kwenye vishada. Shangazi akatikisa mche mmoja, nzi weupe wakaruka.

"Si unaona? Rasta hiyo."

Maneno yake yalikuwa na mantiki. Nzi weupe ndio wanaosambaza virusi vya rasta, na ni nani anayelima nyanya nchi hii ambaye hajapoteza mbegu ya bei mbaya kwa ugonjwa huo? Tukaanza kuzungumzia miche iliyong'olewa itachomwa wapi.

Kisha nikaegemea mpapai.

Mpapai ule umesimama kwenye tuta linalotenganisha shamba lake na jaruba la jirani. Majani yake machanga yalikuwa yamejikunja vilevile. Chini yake mnavu uliojiotea ulikuwa umejisokota. Mchicha pori, hali ileile. Hata kishona nguo, ambacho mkulima hukitazama akiwa anakibandua kwenye suruali tu, kilikuwa kimepinda shingo.

Nyasi zilikuwa nzima. Na mpunga wa jirani, ng'ambo ya tuta, ulikuwa unapendeza.

## Bomba la nani?

Rasta huenda kule nzi mweupe alikotua. Utakuta mche huu unaumwa, ule wa pili mzima, wa tano unaumwa. Majani hujikunja kuelekea juu, kingo zinakuwa njano, mche unadumaa. Tulichokiona sisi kilikuwa na mpangilio mwingine. Mistari iliyopakana na jaruba iliharibika yote, ya katikati nusunusu, na iliyo karibu na nyumba ilikuwa na kasoro ndogo ambazo lazima uiname ili uzione. Rasta halisi nayo ilikuwepo, miche michache iliyotawanyika hapa na pale, na hiyo ndiyo iliyovuruga kesi.

Majani mapana yameumia, nyasi zimepona: hapo anayelima mpunga hukisia 2,4-D. Dawa hiyo ipo sokoni tangu miaka ya 1940 na haijaondoka kwenye mpunga, mahindi, ngano wala miwa, kwa kuwa ni nafuu na inaua magugu ya majani mapana bila kuligusa zao. Haiunguzi jani kwa namna dawa nyingine ya magugu, parakwati, inavyounguza. Inaiga homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe, mmea ukaanza kukua bila mpangilio, upande mmoja wa shina ukirefuka kuliko mwingine. Nyanya, pamba na zabibu ni kati ya mazao yanayoihisi upesi kuliko mengine. Kiasi ambacho hakiwezi kuua gugu hata moja jarubani kinatosha kuharibu msimu wa mwenye nyanya.

Shangazi hakuridhika. Aliuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi kuliko la rasta.

"Je, kama ni bomba langu?"

Bomba lake la mgongoni alikuwa ameliazimisha kwa kijana anayepigia jirani dawa. Lilirudi limesuuzwa kwa maji matupu, naye akalitumia kupiga dawa ya ukungu kwenye nyanya. Mabaki ya 2,4-D hujificha kwenye mpira, kwenye chujio, kwenye nozeli, na wakulima wengi wamejiharibia nyanya kwa njia hiyo bila jirani yeyote kuhusika. Tungeenda kumlaumu mtu kumbe sumu ilitoka stoo kwetu?

Nililizungusha hilo kichwani siku kadhaa. Bomba chafu lingeharibu kila mstari uliopigwa, na mstari wa kwanza kupigwa kuliko wote. Shangazi huanzia upande wa nyumba, kwa kuwa ndiko pipa la maji liliko, na upande huo ndio uliopona. Tena hakuna aliyeupigia mpapai dawa ya ukungu. Hakuna aliyempigia mnavu wa tutani dawa yoyote.

Dawa ilitoka jarubani.

## "Hata jani halikutikisika"

Tulikwenda kwa jirani jioni, kwa amani. Ni mtu mzima, kanisa moja na shangazi, na amewahi kumkopesha mbegu. Alimwita kijana wake wa dawa aje aeleze mwenyewe.

Kijana alieleza kazi yake vizuri. Analipwa kwa bomba, si kwa siku, kwa hiyo haraka ni riziki yake. Siku ile alianza kabla jua halijatoka, kwa sababu kwenye duka la pembejeo aliambiwa asipige dawa wakati wa upepo, na tambarare yetu upepo huanza kusumbua kuanzia saa nne.

"Hata jani halikutikisika, kaka. Ningeona upepo ningeacha."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini.

Hapo ndipo jambo hili liliponing'ang'ania. Nilikwenda pale nikitafuta uzembe, na uzembe haukuwepo, au haukuwepo pale nilipoutafuta. Kijana alifanya alichoambiwa. Alingoja utulivu, akaupata, akapiga dawa ndani yake. Na dawa ikavuka tuta.

## Moshi uliolala

Jibu nililipata kwa kuangalia jiko la jirani mwingine, asubuhi nyingine.

Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, na hewa iliyoigusa hupoa pamoja nayo. Kwetu kuna na la ziada: hewa ya baridi ni nzito, hivyo inateremka mlimani usiku kucha na kujikusanya tambarare. Alfajiri unakuwa na hewa baridi chini, na ya vuguvugu imekaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Mchana mambo ni kinyume: ardhi ya moto huipasha hewa, hewa hupanda, inachanganyika, inatawanya kilichomo. Asubuhi ya kifuniko hakuna kuchanganyika. Kilichoachiwa chini kinabaki chini, kimening'inia, kikijongea polepole kufuata mteremko usiouona kwa macho.

Moshi wa kuni huonyesha hayo yote bila kipimo. Siku ya hatari unatoka jikoni, unapanda kidogo, kisha unalala, unasambaa usawa wa migomba na kukaa hapo. Mwenyeji wa tambarare ameuona moshi huo maisha yake yote. Sidhani kuna aliyewahi kumwambia kijana wa bomba autazame kabla ya kuchanganya dawa.

Kwa nini dawa ining'inie badala ya kudondoka? Ni ukubwa wa matone. Katika hewa tulivu, tone la maikroni 400 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) likianzia urefu wa mita 3 hufika chini kwa takriban sekunde 2. La maikroni 100 huchukua kama sekunde 10. La maikroni 20 huchukua zaidi ya dakika 4, na dakika 4 ni safari ndefu hata kwa hewa inayotambaa. Punguza kipenyo cha tone kwa nusu, na uzito wake unabaki sehemu moja ya nane.

Sasa, mabomba mengi ya mgongoni huuzwa yakiwa na nozeli inayotoa dawa kwa umbo la pia, ukungu mwembamba wa mviringo. Kwa dawa ya wadudu au ya ukungu ni sawa, kwa sababu unataka kufunika jani juu na chini. Kwa dawa ya magugu inatakiwa nozeli ya bapa, inayotoa matone makubwa chini chini, kwa shinikizo dogo. Kijana anayelipwa kwa bomba ana nozeli moja, ileile ya msimu mzima, na anapampu kwa nguvu ili amalize. Kadiri anavyopampu ndivyo matone yanavyozidi kuwa madogo.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu kila ninapozungumza na wakulima nasikia sentensi moja: piga asubuhi na mapema, hakuna upepo. Upepo mkali ni adui, kweli. Lakini utulivu mtupu wa alfajiri nao ni adui, na afadhali upepo mwanana wa kilomita 3 hadi 15 kwa saa, ule unaotikisa majani tu, ukivuma kuelekea pasipo na zao la majani mapana. Jua liwe limepanda kidogo. Moshi uwe unapanda.

## Aliyekosa wa kumdai

Suala la nyanya liliisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Jirani aliahidi kumfidia shangazi kwa mpunga baada ya kuvuna, akatimiza. Wameendelea kukaa benchi moja kanisani.

Nyanya zina mwenyewe.

Tuta je?

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikipita pale na kuliangalia lile tuta, na nilijiona kidogo kama mpuuzi, mtu mzima kusimama anatazama magugu. Mnavu uliosokotwa haukufa wote. Mingine iliotesha matawi mapya, mabaya, yakachelewa. Mgagani wa upande wa jaruba ulipotea. Kishona nguo kilichokuwa mbali kilikuwa kinachanua, cha karibu bado kinahangaika na majani. Nyasi zikatumia nafasi.

Kwa mpita njia, tuta lilikuwa la kijani. Ukimleta mtu pale ukamwambia hapa pametokea madhara, angekuuliza madhara gani.

Dawa ya magugu iliyochukuliwa na hewa haiachi jangwa. Mara nyingi haiui kabisa. Inabadilisha nani anachanua, lini, na maua mangapi. Na sisi tumezoea kutambua sumu kwa mizoga.

## Wanaokula tutani

Hesabu wanaoishi kwa lile tuta. Nyuki, bila shaka, wakubwa na wale wadogo wasiouma. Nyuki weusi wanaotoboa boriti, ambao akina mama huwafukuza kwa ufagio bila kujua kwamba ua la nyanya hutoa chavua vizuri zaidi likitikiswa kwa mngurumo, na nyuki wa asali hajui kutikisa hivyo. Wale weusi wanajua. Nzi wa maua, wenye mistari ya njano, ambao watoto wao hula vidukari. Wadudu wekundu wenye madoa meusi, nao walaji wa vidukari. Na nyigu wadogo sana, wengine huwezi kuwaona bila kukaza macho, wanaotaga mayai ndani ya mayai au miili ya viwavi.

Nyigu hao wanamwua kiwavi wakiwa watoto, lakini wakishakua chakula chao ni nekta. Kusipokuwa na ua jirani, nyigu haishi muda mrefu, wala harudi kesho kutaga kwenye viwavi wa kantangaze wa nyanya au viwavijeshi vya mahindi.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, akiwemo Prisila Mkenda, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, katika mashamba ya maharage ya wakulima wadogo kwenye miinuko tofauti. Waliangalia mimea ya pembezoni mwa mashamba na wadudu waliomo. Walikuta pembezoni mwa mashamba pamejaa maadui wa asili wa visumbufu wa maharage, wa aina nyingi, na mimea inayowahifadhi ni hii tunayoiita magugu. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Nimekulia kilomita chache kutoka mashamba ya namna hiyo na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba kishona nguo kinafanya kazi.

Tena usisahau mwenye nyumba. Mnavu, mgagani, mlenda, mchunga: kwa familia nyingi hiyo ndiyo mboga ya siku ambazo hela haipo, na inachumwa matutani. Shangazi hakuichuma ile ya upande wa jaruba msimu mzima. Hakuambiwa na mtu. Aliitazama tu akasema hii siipiki.

## Asilimia moja

Nilitaka kujua kama kuchelewa kuchanua nilikokuona ni kweli au ni mimi nilikuwa nimeshaamua. Tuta moja, msimu mmoja, mvua zenyewe za mashaka: hapo huwezi kuthibitisha chochote.

Ila kuna waliopima. Mwaka 2016 Eric Bohnenblust na wenzake, wakiwemo David Mortensen na John Tooker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la dikamba, dawa nyingine inayoiga homoni kwa namna inayofanana na 2,4-D. Walipulizia lusini, mmea wa malisho, na ua moja la porini kwa viwango vya chini sana, vile vinavyopeperushwa, karibu asilimia 1 ya kipimo cha shambani. Mimea haikufa. Ilichelewa kuchanua, ikatoa maua machache, na lile ua la porini lilipata wageni wachache kati ya wadudu wachavushaji.

Kitu kimoja katika utafiti huo kilinikaa: maua yaliyofanikiwa kufunguka yalikuwa na chavua yenye protini ya kiwango kilekile. Yaani mdudu akifika mezani chakula ni kizuri. Tatizo ni kwamba meza imechelewa kutandikwa, na sahani zimepunguzwa. Nyuki wa mzinga ana akiba ya asali. Nyuki anayeishi peke yake, ambaye maisha yake ya utu uzima ni wiki chache, hana wiki ya kusubiri.

Yapo pia madhara ya moja kwa moja, na hapa lazima niwe mwangalifu kwa sababu mitandaoni kila kitu kinageuzwa kuwa glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, inaua nyuki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha kwamba glaifoseti hupunguza bakteria wema wa tumboni mwa nyuki. Inaeleweka: kimeng'enya ambacho dawa hiyo inakizuia kwenye mimea kinapatikana pia katika baadhi ya bakteria. Mwaka 2021 wengine huko Uingereza waliwapulizia nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya dawa zinazouzwa kwa watunza bustani. Moja yenye glaifoseti iliua asilimia 94 ya nyuki. Nyingine, nayo ina glaifoseti, haikuonyesha madhara hayo. Mshukiwa mkuu akawa ni sabuni na vichanganyio vilivyomo ndani ya chupa, ambavyo mkulima hata hajui kama vipo.

Kwenye tuta la shangazi, hata hivyo, simshuku sabuni. Namshuku kuchelewa.

## Soya zilikuwa na wanasheria

Marekani jambo hili limewafikisha mahakamani, na pabaya zaidi. Zilipoingia mbegu za soya na pamba zinazostahimili dikamba, dawa ilianza kupigwa katikati ya msimu wa joto, na dikamba ina tabia ya kugeuka mvuke na kuondoka shambani hata baada ya kupigwa vizuri. Mwaka 2016 mkulima wa Arkansas alipigwa risasi akafa katika ugomvi wa dawa iliyovuka mpaka. Mwaka 2017 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri alikusanya makadirio ya majimbo akapata takriban ekari milioni 3.6 za soya zilizoathirika. Mahakama zikafuta usajili wa dawa hizo mwaka 2020, zikafuta tena 2024.

Angalia kipimo: ekari za soya. Soya zina mwenyewe, mwenyewe ana wakili.

Aliyeniaminisha kwamba tuta langu si njozi ni mfugaji nyuki. Mwaka 2019 kampuni kubwa kuliko zote za ufugaji nyuki katika jimbo la Arkansas ilitangaza kuhamisha shughuli zake kwenda Mississippi. Mizinga yake haikupigwa dawa. Wenye kampuni walisema mimea ya porini ya pembezoni mwa mashamba, hasa mtambaa mmoja ambao nyuki wao waliutegemea kwa asali, haichanui tena vya kutosha, na wakailaumu dikamba. Hapo tu ndipo tuta lilipata msemaji, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayepima maua kwa kilo za asali.

Hapa kwetu wafugaji nyuki wa Tabora, Kigoma na Manyoni wanategemea zaidi misitu. Tambarare ya Moshi hakuna wa namna hiyo wa kutusemea. Wachache wenye mizinga migombani wakipata asali kidogo husema mvua, na huenda ni kweli.

## Mgongo wa nani

Rafiki yangu mmoja aliposoma rasimu ya makala hii alinijibu: kwa hiyo warudi kupalilia kwa mkono?

Hapana. Nimeng'oa ndago kwenye jaruba nikiwa mtoto, maji ya magoti, jua la utosi, na ruba. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na wanawake na watoto, na dawa ya magugu imewatoa wengi majarubani. Vijana wako kwenye bodaboda. Palizi haina watu, na wakipatikana bei yao inakula faida. Shangazi mwenyewe hupiga glaifoseti kabla ya kulima shamba lake la mahindi la juu. Wanaohimiza kilimo hifadhi, cha kutogeuza udongo, mara nyingi wanaitegemea dawa hiyohiyo.

Zipo njia zisizotaka dawa kabisa. Kule Mbita, Kenya, wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, akiwemo Zeyaur Khan, walibuni mfumo wa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi pembeni. Desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa bua na kukandamiza gugu la kiduha, nyasi huwavuta wale nondo nje. Ni kazi nzuri. Ila desmodiamu ni jamii ya kunde, jani pana. Mkulima anayeifuata njia hiyo huku jirani yake akipiga 2,4-D kwenye mahindi alfajiri ya moshi uliolala, atapoteza mtambo wake wote kwa dawa ambayo hakuinunua.

Hilo naliona ni gumu kuliko hoja ya dawa nzuri au dawa mbaya. Kipande changu cha ardhi kina mipaka, karatasi inayo, mzee wa mtaa anaijua. Hewa iliyo juu yake haina.

## Nozeli na panya

Nilirudi kwa jirani nikiwa na maombi mawili. La kwanza lilikuwa rahisi: nozeli ya bapa kwa kijana, kupampu taratibu, kuangalia moshi, na kumpigia simu shangazi siku moja kabla ili afunike miche au angalau ajue. Alikubali yote papo hapo. Nozeli niliipata Moshi mjini baada ya kuzunguka maduka, kwa sababu la kwanza na la pili hawakujua naulizia nini. Bei yake haifiki nauli niliyotumia kuitafuta. Kijana aliijaribu kwa maji kwanza, akalalamika kwamba haifuniki vizuri, kisha akagundua kwamba bomba moja sasa linapiga eneo kubwa kidogo, na yeye analipwa kwa bomba. Hilo bado wanalijadili na bosi wake.

Ombi la pili lilikuwa tuta. Nilimwomba aliache lichanue, asilipige dawa wala kulifyeka hadi mpunga utoe masuke.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hapo umeniomba panya."

Ana haki. Tuta lenye nyasi ndefu ni nyumba ya panya, na panya mmoja hukata mashina ya mpunga kwa fujo ambayo hakuna kidukari anayeiweza. Nilijaribu kueleza kwamba mimi nahitaji maua, nyasi ndefu sina haja nazo. Akaniuliza nitazitenganishaje, kishona nguo na nyasi vikiwa vimeota pamoja. Sikuwa na jibu la haraka. Yeye ndiye aliyelitoa: upande wa mfereji, ambako maji hupita daima na panya hawapendi kuchimba, ataliacha lote. Upande wa pili litafyekwa kwa panga hadi usawa wa goti, dawa isitumike, na utupa, kichaka cha dawa ya wadudu, ambao baba yake aliupanda zamani ukiota tena hautang'olewa.

Tumekubaliana msimu mmoja, kwa majaribio. Akiona mashimo ya panya upande wa mfereji, anapiga dawa.